Griffith, Tenma na Thorfinn: muda anaopewa mhusika katika manga za giza

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimesoma humu nyuzi nyingi zinazouliza ni manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ipi yenye giza kuliko zote, na majibu yake karibu kila mara huwa ni orodha ya vifo, mateso na damu. Naomba leo tulitazame jambo hili kwa upande mwingine. Kwa maoni yangu, msomaji huumia kulingana na muda ambao mchoraji alimpa mhusika kabla ya kumtendea ubaya, na kwa sababu hiyo usawiri wa wahusika na mwendo wa hadithi ni mambo mawili ambayo mimi nashindwa kuyatenganisha. Nitaizungumzia Berserk ya Kentaro Miura kwa kirefu, kisha Monster ya Naoki Urasawa, na nyingine nitazigusa kadiri mjadala utakavyohitaji. Natahadharisha mapema kwamba nitatoboa siri za hadithi hizi, hivyo ambaye hajazisoma na anataka kuzikuta zikiwa mbichi asiendelee kusoma.

Berserk ilianza kuchapishwa Japani mwaka 1989. Tunamkuta Guts akiwa tayari mtu mzima mwenye jicho moja na mkono wa kushoto wa chuma, amebeba upanga mpana kuliko kiwiliwili cha mtu, na tabia yake inachukiza. Watu wanakufa kwa sababu yake na yeye anawadharau kwa udhaifu wao. Hatuambiwi kwa nini amekuwa hivyo. Tunachojua, kufikia juzuu ya tatu, ni kwamba kuna kiumbe kinachoitwa Femto, kwamba kiumbe hicho zamani kilikuwa mtu aitwaye Griffith, na kwamba Guts akilisikia jina hilo anapoteza akili kwa hasira. Hapo ndipo Miura anaikata hadithi na kuturudisha hadi siku Guts alipozaliwa chini ya mti, mama yake akiwa maiti inayoning'inia kwenye kamba.

Shuleni tulifundishwa kwamba mbinu rejeshi humrudisha msomaji nyuma kidogo ili aelewe jambo fulani, kisha hadithi huendelea na safari yake. Miura aliurefusha urejeshi huo hadi juzuu ya 14. Sehemu hiyo, inayoitwa Zama za Dhahabu, ndiyo ambayo wengi wetu tunaikumbuka tunapolitaja jina la Berserk, na naamini imefaulu kwa sababu tunaisoma tukiwa tumekwisha kujua mwisho wake. Taharuki ya kujua kitakachotokea imeondolewa. Kila Kundi la Mwewe, jeshi la kukodiwa la Griffith ambalo Guts alijiunga nalo, linaposherehekea ushindi, kila Judeau, mmoja wao, anapomtania mwenzake, kila Griffith anapotabasamu, sisi tunajua kinachowangoja na wao hawajui. Utani wa kambini, ambao katika hadithi nyingine ungekuwa wa kupitishia muda tu, hapa unabeba uzito.

Tazameni pia namna Miura anavyoweka jambo mapema na kulidai baadaye. Guts akiwa mtoto analelewa na askari wa kukodiwa aitwaye Gambino, na Gambino anamuuza kwa usiku mmoja kwa mwanajeshi mwingine. Tukio hilo halifafanuliwi kwa hotuba wala kwa mawazo marefu ndani ya viputo. Tunachoona baada ya hapo ni kijana anayeruka kila anapoguswa. Kwa juzuu kadhaa tabia hiyo inaonekana kama ukali wa kawaida wa mpiganaji, hadi katika juzuu ya tisa, anapokuwa kimapenzi na Casca, mwenzake wa Kundi la Mwewe, kwa mara ya kwanza, ndipo yale ya utotoni yanamrudia na anamkaba koo mwanamke anayempenda. Mwandishi mwenye haraka angetueleza jeraha hilo na tiba yake ndani ya sura moja.

#2 (mwanzisha uzi)

Naendelea na Griffith, kwa sababu yeye ndiye mfano bora ninaoufahamu wa mhusika ambaye hatima yake imejengwa kwa mwendo wa hadithi.

Kuna mandhari ya chemchemi usiku, ambapo Griffith anamwambia binti mfalme Charlotte kwamba rafiki wa kweli, kwa macho yake, ni mtu mwenye ndoto yake mwenyewe, aliye sawa naye, asiyejikokota nyuma ya ndoto ya mwingine. Guts anayasikia maneno hayo akiwa amejificha pamoja na Casca, na mikono yake bado ina damu, kwani punde tu ametumwa na Griffith huyo huyo kumuua mtu, na katika kufanya hivyo amemuua pia mtoto mdogo aliyetokea mlangoni. Mandhari hiyo ina kurasa chache tu. Lakini ndiyo inayomfanya Guts aanze kutafuta njia yake. Ndiyo inayorudi anapokaa kilimani usiku na kuifananisha mioto midogo ya kambi na ndoto za wenzake, huku akisema kwamba yeye hana moto wake. Na ndiyo inayomfanya aondoke.

Kuondoka kwenyewe kumechorwa kwa utulivu unaoumiza. Wanapambana juu ya theluji, upanga wa Griffith unavunjika kwa pigo moja, Guts anazuia wake begani mwa mwenzake bila kumkata, kisha anatembea na kumwacha amepiga magoti. Baada ya hapo mwendo wote unabadilika. Kupanda kwa Griffith kutoka utotoni mitaani hadi ukumbi wa mfalme kumechukua juzuu nyingi, ila kuanguka kwake kunachukua usiku mmoja: anaingia chumbani mwa Charlotte, asubuhi anakamatwa, na mwaka mzima wa mateso gerezani tunaambiwa tu kwamba umepita. Miura angeweza kuuchora mwaka huo mateso kwa mateso. Aliuruka, akatuonyesha kilichobaki, mtu asiye na ulimi wala kano za kushikia upanga, na naona huo ni uamuzi wa mtu anayejua kipi kinastahili kurasa na kipi hakistahili.

Ndipo linapokuja Tukio la Kupatwa, katika juzuu ya 12 na ya 13, ambapo Griffith anawatoa wenzake sadaka kwa mazimwi na kugeuka kuwa Femto. Wanaolihesabu kuwa kilele cha ukatili wanasema kweli, lakini ninachokikumbuka mimi zaidi ya damu ni wazo la Griffith kabla ya kutamka neno la kuwatoa wenzake sadaka: kati ya maelfu ya marafiki na maelfu ya maadui, ni Guts peke yake aliyemfanya aisahau ndoto yake. Ni yale maneno ya chemchemi yakirudi yamegeuzwa juu chini. Guts aliondoka ili astahili kuwa rafiki, na kuondoka kwake ndiko kulikomvunja aliyetaka urafiki huo. Bila zile juzuu za kambini, Griffith angekuwa mhusika bapa, msaliti anayesaliti kwa kuwa hadithi inahitaji msaliti.

Jambo moja zaidi, kwa sababu linaonyesha jinsi Miura alivyokuwa makini. Sura ya 83, ambamo Griffith anakutana na nguvu inayotawala ulimwengu ule na kuzungumza nayo, ilitoka kwenye jarida lakini haikuingizwa katika juzuu ya 13, kwa ombi la Miura mwenyewe, kwa kuwa ilifichua mengi mapema mno. Nimeisoma sura hiyo. Imechorwa vizuri sana, na bado nadhani aliitoa kwa haki, kwa sababu inageuza uamuzi wa mtu kuwa mpango wa mungu, na katikati ya kilele hicho hatuhitaji mtu wa kutueleza tunachokiona.

Pamoja na mapenzi yangu yote kwa kazi hii, sikubali kwamba Zama za Dhahabu hazina kasoro. Sehemu ya Wyald, baada ya Griffith kuokolewa, ni nzito bila faida ya kutosha. Wyald ni mhusika wa tamaa na fujo tu, na anajitokeza wakati ambapo sisi tunataka kukaa na Casca, Guts na yule mgonjwa ndani ya gari la farasi. Naelewa kazi yake, kwamba kupitia kwake kundi zima linauona mwili wa Griffith ulivyoharibika, lakini kazi hiyo ingeweza kufanywa na ukimya wa kambi usiku mmoja. Anime (katuni ya televisheni) ya mwaka 1997 ilimwacha, filamu tatu za 2012 na 2013 zikamwacha pia, na mimi sikuona pengo lolote.

#3 (mwanzisha uzi)

Monster ilichapishwa kuanzia 1994 hadi 2001 katika jarida la Big Comic Original, juzuu 18 kwa jumla, na giza lake ni la namna nyingine kabisa. Hakuna mazimwi. Kuna daktari Mjapani wa upasuaji wa ubongo, Kenzo Tenma, anayefanya kazi Düsseldorf mwaka 1986. Hospitali inamwondoa kwa fundi wa Kituruki aliyefika kwanza ili amtibu mwimbaji maarufu, na yule fundi anafariki. Mjane wake anamshika Tenma na kumuuliza kwa nini. Kwa hiyo siku anapoamriwa tena kumwacha mtoto aliyepigwa risasi ya kichwa ili amhudumie meya, tunaelewa kwa nini anakataa. Anamwokoa mtoto, meya anafariki, na yeye anapoteza cheo na mchumba. Mtoto huyo ni Johan Liebert, na miaka tisa baadaye Tenma anamwona akiua mtu mbele ya macho yake.

Urasawa anayamaliza haya yote kwa haraka ya ajabu, kisha anapunguza mwendo kwa makusudi. Tenma akishaanza kumsaka Johan, Johan karibu hatumwoni. Tunakutana na watu waliopitiwa naye, kila mmoja akiwa na sura zake mbili tatu: mwanajeshi wa zamani anayemfundisha Tenma kulenga bunduki huku akimlea binti kutoka Burma ambaye mama yake aliuawa na mwanajeshi huyo huyo, Eva, yule mchumba, ambaye ulevi na kiburi chake vinamenyeka tabaka kwa tabaka, mpelelezi Lunge, anayechezesha vidole hewani kana kwamba anaandika kwenye kompyuta ili asisahau lolote, na ambaye familia inamkimbia bila yeye kuinua kichwa.

Mfano ninaopenda kuutaja ni Richard Braun. Alikuwa polisi, alimpiga risasi na kumuua kijana aliyemshuku kwa mauaji, akaingia kwenye ulevi, akafukuzwa kazi na kutengana na mke na binti yake. Tunamkuta akiwa anajinasua. Anahudhuria kwa mtaalamu wa nafsi, ameacha pombe, ana kazi ya upelelezi wa kulipwa, na siku ya kumwona binti yake imekaribia. Urasawa anatuachia muda wa kumzoea. Kisha Johan anapanda naye hadi juu ya paa na kuzungumza naye kwa upole. Hamgusi hata kwa kidole. Anamkumbusha tu kile ambacho Braun amekuwa akikiepuka, kwamba siku ile ya risasi hakuwa amelewa. Asubuhi Braun ni maiti, na watu wanasema alilewa akaanguka. Hapo ndipo nilipoiogopa kweli nguvu ya Johan, na niliiogopa kwa sababu ya muda niliokaa na Braun.

#9 (mwanzisha uzi)

Nimjibu ndugu yangu wa chapisho namba 6, aliyesema kwamba Monster inachosha na kwamba nusu ya sura zingeweza kuondolewa.

Mkuu, nakubaliana nawe kwa sehemu. Katikati, hadithi inapohamia Prague, majina mapya yanakuja kwa wingi kiasi kwamba nililazimika kurudi nyuma kuangalia nani ni nani, na wakati mwingine watu wanakutana kwa bahati inayorudiwa mara nyingi mno. Lakini sehemu hiyo hiyo ya Prague ndiyo iliyotupa Wolfgang Grimmer, mwanamume mrefu mwenye tabasamu la kudumu, aliyelelewa katika kituo cha watoto cha Ujerumani Mashariki kiitwacho Kinderheim 511, mahali palipomnyang'anya hisia zake. Tabasamu lile amejifunza, kama mtu anavyojifunza lugha ya kigeni. Mwanawe alipofariki hakujua namna ya kulia, na mkewe alimwacha kwa sababu hiyo. Anatembea nasi kwa juzuu kadhaa akiwa na tabasamu hilo, hadi mji wa Ruhenheim, anapolala akivuja damu na kwa mara ya kwanza anamhuzunikia mwanawe. Ukiondoa sura ambazo Grimmer anakula, anatembea na kuzungumza mambo madogo, utabaki na mtu anayekufa akilia, na vilio vya namna hiyo tumevisoma katika manga mia.

#13 (mwanzisha uzi)

Wawili wameuliza kuhusu Attack on Titan na Tokyo Ghoul, nami nitazijibu pamoja.

Hajime Isayama alitumia miaka 2009 hadi 2021 kuifikisha Attack on Titan juzuu ya 34, na katika kazi hiyo kuna uamuzi wa mwendo ambao bado unanishangaza. Katika sura ya 42, askari Reiner anamwambia mhusika mkuu, Eren, kwamba yeye na mwenzake ndio waliovunja ukuta uliowakinga watu dhidi ya majitu, na anayasema hayo kama mtu anayetaja habari za hali ya hewa, wakati wenzao wanaendelea na mazungumzo mengine. Hakuna kisanduku kikubwa wala ukurasa mzima uliotengwa kwa ajili ya siri hiyo. Tunakaribia kuipita. Ukifikiri vizuri utaona kwamba huo ndio usawiri wenyewe wa Reiner, mtu aliyechoka kubeba nafsi mbili hadi moja inamponyoka mdomoni. Na baadaye, hadithi inapohamia Marley, nchi ya adui alikotoka Reiner, kuanzia sura ya 91, Isayama anathubutu kumficha Eren na kutuweka ndani ya nyumba ya Reiner, mezani na jamaa zake. Wasomaji wengi walilalamika wakati huo. Hata hivyo, sura ya 100, ambapo Eren na Reiner wameketi chini ya jengo huku vita vikitangazwa juu yao, haiwezi kufanya kazi bila uchovu na aibu tuliyoishi nayo nyumbani kwa Reiner.

Kwa moyo huo huo nasema kwamba mwisho wake uliharakishwa. Mazungumzo ya Eren na rafiki yake Armin katika sura ya 139 yanabeba maelezo ambayo yalistahili sura kadhaa, na Eren ambaye tulikuwa tukimtazama kwa mbali kwa muda mrefu anafunguka ghafla kwa maneno. Sipingi alichokisema. Muda wa sisi kukiamini ndio uliokosekana.

Kuhusu Tokyo Ghoul ya Sui Ishida nitasema kwa kifupi. Mateso ya Kaneki, mhusika mkuu, anapolazimishwa kuhesabu kutoka elfu moja kwa kutoa saba saba, ni ya juzuu ya saba kati ya 14 za mfululizo wa kwanza, na yanauma kwa sababu tumemjua akiwa kijana wa vitabu na kahawa. Katika mfululizo wa pili wahusika ni wengi mno, na baadhi yao wanakufa kabla sijayashika majina yao vizuri.

#17 (mwanzisha uzi)

Dada wa chapisho namba 15 ameuliza swali zuri kuliko yote, kwamba kama kwenda polepole ni sifa, mbona watu wengi waliiacha Vinland Saga ilipofika shambani?

Kwanza nieleze historia fupi. Makoto Yukimura aliianza mwaka 2005 katika jarida la kila wiki, na kabla ya mwaka kwisha ilihamia Afternoon, linalotoka kila mwezi, kwa kuwa hakuweza kuendana na kasi ya wiki. Jarida la wiki hudai kurasa zipatazo ishirini kila baada ya siku saba, na kila sura inapaswa kumaliza na jambo la kumrudisha msomaji. Katika mazingira hayo, sijui kama kuna mhariri ambaye angekubali shamba la Ketil, ambamo shujaa Thorfinn, Mviking aliyekuwa akiua tangu utotoni na sasa ni mtumwa, anakata miti, anang'oa visiki, analima na kupanda ngano, sura baada ya sura.

Walioacha nawaelewa, kwa maana walikuja kwa ajili ya vita. Lakini Thorfinn alijengwa kwa kisasi peke yake, na Askeladd, aliyemuua baba yake, alipouawa na mtu mwingine mbele yake, kisasi hicho kilikosa mwenyewe. Kijana huyo ni mtupu, na utupu hauwezi kujazwa kwa sura moja ya machozi. Unajazwa na visiki, na mtumwa mwenzake Einar anayegawana naye chakula, na ndoto za usiku za watu aliowaua. Ndipo tunapofika siku anayokubali kupigwa ngumi mia moja bila kujibu ili tu apate kuzungumza na mfalme Canute. Niliposoma hapo nilimkumbuka Guts, aliyejipatia jina kwa kupambana peke yake na watu mia moja. Idadi ni ile ile, na kila mmoja ameifikia kwa njia iliyotayarishwa kwa miaka.

#22 (mwanzisha uzi)

Namalizia kwa hoja ya mkuu wa chapisho namba 20, kwamba mwendo wa hadithi unategemea pia namna tunavyosoma. Ni kweli kabisa, na nashukuru ameitaja.

Mara ya kwanza niliisoma Berserk kwa simu, kwa majuma matatu, usiku kucha. Niliumizwa na Tukio la Kupatwa, lakini safari ya baharini iliyokuja baadaye niliiona ni ya siku mbili tu, wakati wasomaji wa Japani waliingoja kwa miaka hadi meli ifike. Simu ilininyima pia kitu kingine. Mchoraji wa manga hupanga kurasa mbili zinazokabiliana kama uwanja mmoja, na jambo zito hulificha nyuma ya ukurasa unaofuata ili mkono wa msomaji ndio ulifunue. Kwenye simu picha kubwa hukatwa vipande, na siri huonekana kabla ya wakati wake kwa kusogeza kidole. Mara ya pili nilijiwekea sura moja kila jioni, kwenye kioo kikubwa, na nilimwona Farnese kwa macho mapya. Mwanamke aliyeingia katika juzuu ya 17 akiwaongoza mashujaa wa dini na kuwachoma watu moto kwa hofu aliyoiita imani, anageuka taratibu kuwa mwanafunzi mnyenyekevu wa uchawi na mlezi wa Casca, wala hakuna sura moja ninayoweza kuinyooshea kidole na kusema hapa ndipo alipobadilika.

Miura alifariki tarehe 6 Mei 2021 akiwa na umri wa miaka 54. Tangu Juni 2022 kazi inaendelezwa na wasaidizi wake wa Studio Gaga, chini ya usimamizi wa rafiki yake wa tangu sekondari, Kouji Mori, aliyewahi kusimuliwa na Miura jinsi hadithi itakavyokwisha. Sura ya mwisho ambayo Miura aliifanyia kazi, ya 364, ilitoka Septemba 2021. Ndani yake yule mtoto asiyesema, anayewatembelea Guts na Casca usiku wa mwezi mpevu, anageuka kuwa Griffith. Zilikuwa zimepita zaidi ya sura mia mbili themanini tangu Griffith atamke neno lile la sadaka, na katika muda huo wote uso wake ulichorwa kama sanamu. Katika sura hiyo jicho lake lina chozi.